Kupima kina cha ufukwe wa ziwa kwa boti isiyo na mtu: hatua kwa hatua, kuanzia mwaloni hadi kwenye ramani

Boti isiyo na mtu hufika kwenye maji ambayo mtumbwi wenye injini ungekwaruza chini, na ambayo mtu akiyakanyaga anaweza kuondoka na kichocho. Ni zile mita 20 hadi 300 za mwisho kabla ya nchi kavu: mbele ya gati, mwaloni, kwenye mdomo wa bomba la kuvuta maji, au kwenye njia ya feri inayoanza kujaa mchanga. Mwongozo huu ni wa kazi za ukubwa huo, yaani eneo la hekta 1 hadi 20 na kina cha nusu mita hadi mita 15. Mifano ni ya Ziwa Viktoria upande wa Uganda, ila Kyoga na Albert utaratibu ni uleule.

Wengi huanza kwa kuuliza wanunue boti gani. Hilo ni swali la tatu au la nne.

Kwanza: sifuri yako iko wapi?

Kipima-kina hukupa umbali kutoka kwenye transdyusa (kichwa chake kinachotuma sauti majini na kupokea mwangwi) hadi chini, kwa dakika ile tu. Ziwa halina maji kujaa na kupwa kama Mombasa, na hapo ndipo watu hujidanganya kwamba usawa wa maji haubadiliki. Kipimo cha usawa wa maji cha Jinja kilisoma mita 13.41 (namba ya kipimo, siyo kina cha ziwa) mwaka 1964, baada ya ziwa kupanda kwa zaidi ya mita 2 ndani ya miaka michache. Kati ya Oktoba 2019 na Mei 2020 likapanda tena kwa zaidi ya mita moja, likameza gati, nyumba na mialo mizima. Ramani iliyoandikwa "kina mita 2" bila tarehe na bila usawa wa maji haimsaidii nahodha wala mhandisi. Hata ndani ya asubuhi moja, upepo husukuma maji yakaegemea upande mmoja wa ghuba, na usawa ukabadilika kwa sentimita kadhaa wakati wewe unaendelea kupima.

Kwa hiyo, kabla ya kugusa boti, funga bomba la kusomea usawa wa maji. Chukua bomba la PVC la milimita 50, urefu mita 2, ulifunge wima kwenye nguzo ya gati au kwenye chuma kilichopigwa ardhini mahali penye maji ya kutosha. Ziba chini, kisha toboa tundu moja tu la milimita 5 karibu na mwisho wa chini. Mawimbi yatapita nje, lakini ndani ya bomba maji yatatulia. Kusoma ni kushusha tepu ya chuma kutoka mdomo wa bomba hadi iguse maji, kwa msaada wa tochi. Soma kila dakika 15, uandike saa pamoja na kipimo. Anayesoma asiwe yule anayeongoza boti, maana mwenye boti husahau, na husahau hasa pale mambo yanapomchachia.

Mdomo wa bomba uunganishwe kwa levo (kifaa cha kupimia tofauti ya mwinuko) na alama ya kudumu isiyozama wala kusogea: msumari uliopigwa kwenye zege la jengo, au kona ya ngazi ya gati. Ukihitaji mwinuko kutoka usawa wa bahari, omba alama iliyo karibu kutoka Idara ya Upimaji na Ramani pale Entebbe, na uulize imepimwa kwa mfumo gani. Piga picha ya alama yako kwa karibu na kwa mbali. Mwaka kesho mtu mwingine atatakiwa kuipata.

Suala la pili la sifuri ni viwianishi, na Uganda ina mtego wake. Ikweta inapita ziwani kilomita chache tu kusini mwa Entebbe. Kazi ya Ggaba au Port Bell iko kwenye ukanda wa 36 Kaskazini wa UTM, mfumo wa viwianishi unaoigawa dunia kwa kanda; kazi ya Kalangala iko 36 Kusini. Mradi unaovuka mstari huo, kwa mfano njia ya chombo kutoka Nakiwogo (Entebbe) hadi Lutoboka (Kalangala), utaona namba ya kaskazini ikiruka kwa mita 10,000,000 katikati ya maji. Chagua ukanda mmoja kwa mradi mzima, hata kama namba zitatoka hasi, na uandike uamuzi huo kwenye kila faili. Ziwa Edward liko ukanda wa 35, tena upande wa kusini. Usibebe mipangilio ya Entebbe ukaipeleka kule.

Ramani nyingi za zamani na hati za viwanja ziko kwenye Arc 1960, ilhali GPS yako inaongea WGS 84. Tofauti kati ya mifumo hiyo miwili hapa kwetu ni takriban mita 300 ardhini. Ukiona mistari ya boti yako imepanda juu ya nchi kavu kwenye ramani, usilaumu GPS. Ni Arc 1960.

Ruhusa na majirani

Chombo kidogo cha rangi kali, chenye antena, kinachokwenda chenyewe majini bila mtu, kitatiliwa shaka. Doria za uvuvi za jeshi la Uganda (UPDF) zilianza ziwani mwaka 2017, na askari wa doria hana sababu ya kujua kazi yako. Andika barua mapema kwa mamlaka ya usafiri wa majini katika Wizara ya Ujenzi na Uchukuzi, kwa polisi wa majini na kwa wilaya, kisha ubebe nakala zenye mihuri. Karibu na gati, bwawa la umeme au bomba la maji la mji, mwenye mali naye atoe barua yake. Nchi kavu pia ina sheria: mita 200 kutoka ukingo wa Ziwa Viktoria ni eneo lililohifadhiwa chini ya kanuni za mwaka 2000. Usikate mafunjo kujitengenezea njia ya kushushia boti bila kibali cha NEMA, mamlaka ya mazingira.

Redio ni habari nyingine. Seti za mawasiliano za Kimarekani hutumia megahezi 902 hadi 928, na simu za mkononi hapa zinatumia sehemu ya eneo hilohilo. Utasumbua na utasumbuliwa. Agiza za megahezi 433 au 868, na uulize tume ya mawasiliano (UCC) kuhusu kibali cha kifaa kabla mzigo haujafika.

Baada ya hapo nenda mwaloni jioni moja kabla ya kazi, uongee na mwenyekiti wa mwalo na wavuvi wenyewe. Waonyeshe boti, waache waishike. Waulize nyavu zimetegwa wapi, mawe yako wapi, viboko hupanda wapi. Mvuvi wa miaka 20 atakuchorea miamba kwa kidole mchangani, na mara nyingi hakosei.

Boti yenyewe

Kwa maji ya ufukweni, mwili wa vyelezo viwili hushinda mwili mmoja: unatulia, haulali upande, na katikati unapata nafasi ya transdyusa. Unaotosha ni huu: mabomba mawili ya PVC ya milimita 160, kila moja mita 1.2, yazibwe pande zote, mbele yafungwe koni ya plastiki au faibaglasi. Bomba moja la kipimo hicho linabeba takriban lita 24, kwa hiyo mawili ni lita 48. Boti nzima ikiwa na kilo 18 (fremu na mabomba 9, betri 6, vifaa 3) itazama chini kidogo ya nusu ya mabomba, na hapo ndipo pazuri. Ikizidi kilo 26, mawimbi madogo yataanza kupanda juu ya sitaha. Jaza povu ndani ya mabomba. Gundi ya PVC huachia siku usiyoitarajia.

Nafasi kati ya bomba na bomba iwe sentimita 70 katikati kwa katikati. Fremu iwe ya alumini ya mraba, boliti za chuma kisichoshika kutu, nati zenye plastiki ndani. Sanduku la vifaa liwe lisilopitisha maji, nyaya ziingilie ubavuni kupitia glandi, kamwe zisiingilie juu. Weka ndani pakiti mbili za chembe za kukausha unyevu: asubuhi sanduku likitoka kwenye gari lenye joto na kukutana na maji baridi, unyevu huganda ndani kama jasho la chungu.

Mota mbili za umeme za majini, moja kila upande, bila usukani. Boti hugeuka kwa kuongeza upande mmoja na kupunguza mwingine. Usifunge wavu wa kulinda propela. Inaonekana ni akili, lakini mizizi ya gugumaji hunasa kwenye wavu kuliko kwenye propela tupu. Chagua propela zenye mabawa yaliyolala nyuma, na uzishushe sentimita 15 chini ya uso wa maji.

Rangi: machungwa au manjano. Ubavuni andika kwa herufi kubwa namba ya simu na neno UTAFITI. Kibendera kirefu juu, maana mtumbwi wenye injini ukija kwa kasi hauioni boti ya urefu wa goti.

Kipima-kina na GPS

Hapa ndipo pesa iende. Kipima-kina cha kilohezi 200 chenye mwale wa digrii 9 huona duara la upana wa mita 0.95 hivi kwenye kina cha mita 6. Cha bei nafuu chenye mwale wa digrii 25 huona duara la mita 2.7 kwenye kina hichohicho. Kwenye sakafu tambarare hutaona tofauti. Kwenye mteremko, mwale mpana hurudisha kwanza mwangwi wa sehemu iliyo juu, na ramani yako itaonyesha maji mafupi kuliko yalivyo. Ukingo wa mfereji uliochimbwa utaonekana umelainika kama kilima. Kama kazi ni ya kuhesabu mchanga wa kuchimba, lipia mwale mwembamba.

Transdyusa ifungwe katikati ya vyelezo, mbele ya propela, sentimita 10 chini ya uso wa maji. Ikiwa nyuma ya propela itasoma mapovu. Antena ya GPS iwe juu yake kabisa, kwenye nguzo moja iliyonyooka. Ukifanya hivyo, husumbuki kuhesabu umbali wa pembeni kati ya hivyo viwili. Pima kwa tepu kutoka uso wa transdyusa hadi kitako cha antena, mara mbili, na watu wawili tofauti. Kosa la namba hii huingia kwenye kila nukta ya ramani na halionekani popote.

GPS ya kawaida inatosha kwa mlalo kama ramani ni ya kuonyesha tu. Kwa uhandisi tumia RTK, yaani GPS ya vipokezi viwili yenye usahihi wa sentimita: kituo kimoja juu ya alama ya nchi kavu, kingine kwenye boti. RTK hukupa pia mwinuko, lakini ni mwinuko wa umbo la hesabu la dunia, ambao unatofautiana na usawa wa bahari kwa mita kadhaa, si sentimita. Dawa rahisi ni kuweka kipokezi juu ya alama ya mwinuko unaojulikana, ukachukua tofauti, ukaitumia eneo zima. Na bado endelea kusoma bomba la usawa wa maji. Njia hizo mbili zikipishana kwa zaidi ya sentimita 5, kuna kitu kimekosewa, na mara nyingi ni ile namba ya tepu.

Kasi ya sauti: maji baridi yasiyo na chumvi, kwenye nyuzi 25, hupitisha sauti kwa mita 1,497 hivi kwa sekunde. Bahari yenye joto hilohilo ni mita 1,534. Vifaa vingine hutoka kiwandani vimewekwa "maji ya chumvi". Ukiviacha hivyo, mita 8 za kweli zitasomeka mita 8.2. Badilisha uwe maji baridi, pima joto la maji kila asubuhi, uweke kasi inayolingana.

Otopailoti

ArduPilot, programu ya kuendesha chombo chenyewe, inatosha na ni ya bure. Tawi lake linaloitwa Rover linaendesha boti vizuri. Kwenye mipangilio yake weka FRAME_CLASS iwe 2 ili ijue ni boti. Mota ya kushoto SERVO1_FUNCTION 73, ya kulia SERVO3_FUNCTION 74. Kipima-kina kinachotoa sentensi za NMEA (lugha ya kawaida ya vifaa vya majini) kiingizwe kwenye mlango wa seriali wenye itifaki 9, RNGFND1_TYPE 17, RNGFND1_ORIENT 25 yaani kuangalia chini. Vipima-kina vingi vya NMEA hutuma kwa kasi ya 4800. Ukisahau hilo utakaa nusu saa ukitazama sifuri kwenye skrini. Kina na mahali vitaandikwa pamoja kwenye kumbukumbu ya ndani, kwa hiyo redio ikikatika data haipotei.

Dira iwekwe juu kwenye mlingoti, mbali na nyaya nene za betri, na nyaya hizo zisokotwe chanya na hasi pamoja. Boti inayokwenda kwa mwendo wa nyoka kwenye mstari ulionyooka, mara tisa kati ya kumi, ina dira inayovurugwa na umeme wa mota. Rudia urekebishaji wa dira ukiwa ufukweni, mbali na gari.

Kisha hatua ya dharura. Wengi huweka boti irudi nyumbani redio ikipotea. Kurudi huko ni kwa mstari ulionyooka, na mstari ulionyooka kwenye ghuba zetu hupita kwenye mafunjo au kwenye nyavu za mtu. Weka FS_ACTION 3, boti irudi kwa njia ileile iliyokwenda. Usichague kusimama tu: boti iliyosimama bila kushikilia mahali huchukuliwa na upepo.

Kupanga mistari

Mistari ya kupima ikate mteremko, yaani itoke ufukweni kwenda kina, isiende sambamba na ufukwe. Nafasi kati ya mistari iwe sentimita 1 kwenye kipimo cha ramani: ramani ya 1:1,000 ni mita 10, ya 1:2,000 ni mita 20. Halafu ongeza mistari michache ya kukata ile ya kwanza. Usiiruke kwa sababu ya betri. Bila hiyo huna ushahidi kwamba kazi ni sahihi.

Hesabu ya mfano: eneo la mita 400 ufukweni kwa mita 250 kwenda ziwani, nafasi ya mita 10. Mistari 41 ya mita 250 ni mita 10,250. Mageuzi yote pamoja ni mita 400. Mistari 5 ya kukata ni mita 2,000. Jumla mita 12,650. Kwa mwendo wa mita 1.2 kwa sekunde, ni saa tatu kasoro dakika chache. Mota zikila ampea 8 na vifaa 1.5, zitatumika ampea-saa 28.5. Acha akiba ya asilimia 30, kwa hiyo beba ampea-saa 41. Betri moja ya lithiamu na fosfeti ya chuma (LiFePO4) ya ampea-saa 50 inaingia kwenye zile kilo 6 tulizotenga. Usizidishe kasi ili umalize mapema: kupita mita 2 kwa sekunde, mapovu huingia chini ya transdyusa na data hukatikakatika.

Asubuhi ya kazi

Ziwa hutulia asubuhi. Upepo wa kutoka ziwani huanza kushika kati ya saa 4 na saa 5, na ikifika saa 6 mchana mawimbi ya sentimita 30 yanairusha boti ndogo. Lenga kushusha boti saa 1 asubuhi na kuitoa saa 4. Msimu wa mvua, tazama anga kabla ya chochote: dhoruba za ziwani hujikusanya usiku na kuvunjika alfajiri. Ukiona radi, boti haishuki.

Kabla ya mstari wa kwanza, fanya kipimo cha sahani. Chukua sahani ya alumini ya sentimita 30 kwa 30, itobowe pembe nne, ining'inize kwa waya mwembamba wa chuma (kamba ya nailoni hurefuka ikilowa) wenye alama za mita 1, 2, 3 na 5 kutoka uso wa maji. Funga boti kando ya gati, shusha sahani chini ya transdyusa. Skrini inatakiwa ionyeshe mstari mkali unaoshuka ngazi kwa ngazi. Ongeza sentimita 10 za kuzama kwa transdyusa, ulinganishe. Kosa likiwa lilelile kwenye kila ngazi, kwa mfano sentimita 4 kote, namba ya kuzama ndiyo mbaya. Likikua kadiri unavyoshuka, kasi ya sauti ndiyo mbaya. Rudia baada ya kazi, na uandike yote mawili.

Kisha jaribio la kuchelewa. Chagua mstari wenye mteremko, upite mara mbili, kwenda na kurudi, kwa kasi ileile. Michoro miwili ya sakafu ikipishana kwa mita 1.2, na kasi ilikuwa mita 1.2 kwa sekunde, gawanya kwa mara mbili ya kasi: kina kinachelewa nyuma ya GPS kwa nusu sekunde. Ingiza sahihisho hilo. Ukiliacha, mistari ya kwenda na ya kurudi itatengeneza meno ya msumeno kwenye ramani, na mtu atayachora kama matuta ya mchanga.

Mtumbwi wa uokozi uwe majini muda wote, watu wawili, laifu-jaketi mwilini na siyo chini ya kiti. Kazi yao ni kufukuzia boti ikinasa na kuwatolea wavuvi maelezo. Kiboko akionekana ndani ya mita 200, itoe boti, ungoje. Hakuna data inayostahili mjadala na kiboko.

Kinachoharibika, na kwa nini

Ampea zikipanda kwa nusu zaidi huku kasi ikishuka, kuna kitu kwenye propela. Rudisha nyuma kwa sekunde 3. Gugumaji mara nyingi huachia. Uzi wa wavu hauachii. Huo hujizungusha nyuma ya propela, kati yake na mwili wa mota, mpaka unakuwa pete ngumu inayong'aa ambayo kwa mbali unaweza kudhani ni sehemu ya mota. Beba kisu chembamba na bisibisi, fungua propela, kata pete hiyo kwa urefu. Nyavu zenyewe huelea kwa vipande vya kandambili na chupa za plastiki, hivyo pita na mtumbwi kwanza, uweke alama kila mstari wa vipande hivyo kwenye ramani ya safari.

Vina vya ajabu katikati ya maji, kwa mfano mita 2 mahali penye mita 7, mara nyingi ni kundi la mukene (dagaa). Kwenye picha ya mwangwi huonekana kama wingu lenye mwanga chini yake, ilhali sakafu ni mstari usiokatika. Namba peke yake haiwezi kukuonyesha tofauti hiyo. Hifadhi picha ya mwangwi yote, siyo namba tu.

Maji chini ya nusu mita hayapimiki kwa sauti. Mwangwi hurudi kabla kifaa hakijamaliza kutuma. Kamilisha kwa nguzo ya RTK ukiwa na suruali ndefu ya mpira ya kuingilia majini, au ukae kwenye mtumbwi uushike wima. Kuingia miguu mitupu ni kualika kichocho.

Matope

Hili ndilo linalozua ugomvi mwingi kati ya mpimaji na mkandarasi. Ghuba ya ndani ya Murchison, karibu na Kampala, hupokea maji ya mfereji wa Nakivubo, na sakafu yake sehemu kubwa ni tope laini kama uji mwepesi. Kilohezi 200 hugonga juu ya uji huo na kurudi. Kilohezi 30 hivi hupenya hadi kwenye tope gumu. Vifaa viwili, sakafu mbili, na vyote vinasema kweli. Mahali pengine tope lenye mabaki ya mimea limejaa gesi, na hapo sauti ya chini nayo huzuiwa.

Kubaliana na mteja kabla ya kazi ni sakafu ipi anayoilipia. Kisha uthibitishe kwa mkono: mti wenye sahani bapa ya sentimita 15 mwishoni, uteremshwe polepole kwa uzito wake wenyewe mpaka usimame, usome. Halafu geuza mti, utumie ncha isiyo na sahani, uusukume mpaka ukatae. Fanya nukta 10 zilizotawanyika. Tofauti kati ya kipimo cha kwanza na cha pili ni unene wa tope, na ukiiweka mezani pamoja na kina cha boti, mabishano mengi huisha hapohapo. Majani yaliyozama nayo hudanganya vivyo hivyo, ila hayo mti huyapita bila upinzani.

Kutoka namba hadi ramani

Nakili kumbukumbu kabla hujaondoka mwaloni, sehemu mbili. Nyumbani, mpangilio ni huu: ondoa nukta zisizo na RTK kamili, ondoa mwangwi wa samaki kwa kutazama picha, usitumie kichujio cha kompyuta peke yake, ongeza kuzama kwa transdyusa, punguza au ongeza usawa wa maji uliosomwa kwenye bomba kwa saa husika, ndipo uhamishe viwianishi. Ukianza na kichujio, kitafuta miamba ya kweli pamoja na samaki. Mwamba mmoja wa visiwa vya Ssese unaweza kuwa nukta tatu tu kwenye data nzima.

Sasa angalia makutano ya mistari. Kwenye kila mahali mstari wa kukata unapopita juu ya mstari mkuu, toa kina kimoja kwa kingine. Kwenye sakafu ngumu na tambarare, sentimita 10 au chini ni kazi safi. Viwango vya kimataifa vya upimaji wa maji, S-44 daraja maalumu, huruhusu sentimita 25 hivi kwenye kina cha mita 5, lakini boti ndogo kwenye maji tulivu ikifika huko kuna jambo halijakaa sawa. Wastani wa tofauti ukiegemea upande mmoja tu, rudi kwenye usawa wa maji. Zikitawanyika pande zote, rudi kwenye mawimbi na jaribio la kuchelewa.

Kwenye QGIS, programu ya ramani, tengeneza sakafu kwa pembetatu, kisha mistari ya kina ya nusu mita. Kata sakafu hiyo kwa mpaka wa nukta zako: programu haioni haya kuchora kina mahali ambapo boti haikufika, ikiwemo juu ya nchi kavu. Mafunjo yanayoelea yawekwe kama alama, yasiwe ukingo, kwa sababu kesho yatakuwa upande mwingine wa ghuba.

Kwenye pembe ya ramani ziandikwe: tarehe na saa za kupima, usawa wa maji na alama uliotokea, mfumo wa viwianishi na ukanda, kilohezi na upana wa mwale, kasi ya sauti iliyotumika, na matokeo ya kipimo cha sahani kabla na baada.

Boti ioshwe kwa maji safi palepale, ikaguliwe chini ya fremu na ndani ya mota, na kila jani litolewe na kuachwa likauke juu ya mchanga. Gugumaji na gugu la Kariba husafiri kwa kipande kidogo tu, na boti iliyotoka Ggaba Jumatatu inaweza kuwa Kyoga Alhamisi.